Pesa ya diaspora isiishie kwenye makala na mishumaa

Kila mwisho wa mwezi, foleni hurefuka mbele ya vibanda vya kutolea pesa hapa Bunia. Mmoja anasubiri ujumbe wa mtoto aliye Kampala, mwingine wa yaya aliye Kinshasa, mwingine wa shemeji aliyechukuliwa Marekani kama mkimbizi na ambaye leo anafanya kazi ya usiku kiwandani. Pesa hiyo hulipa shule, dawa na kodi ya nyumba. Lakini kuna sehemu yake ambayo karibu hakuna familia inayoihesabu, nayo ni ile inayolipia giza.

Tuseme wazi maana yake. Nyumba isiyo na umeme haiishi bila kulipa. Inalipa makala kwa kopo, mishumaa kwa vipande, betri za tochi, petroli ya taa, esansi ya jenereta kwa wale wenye uwezo, na faranga za kuchajisha simu kwa jirani au kwenye kibanda. Kila kitu ni kidogo, ndiyo maana hakionekani. Lakini aliye na pesa kidogo hununua kwa kipimo kidogo, na kipimo kidogo ndicho cha bei kali. Mama anayenunua makala kwa kopo kila jioni, mwisho wa mwezi amelipa zaidi ya yule aliyeweza kununua gunia zima siku moja. Pesa imetoka mbali, imekatwa njiani, ikafika, ikawa majivu. Mwezi unaofuata inaanza upya.

Katika komini ya Shari na katika mji mzima, jambo hili linastahili kuzungumzwa kwa sauti. Hatusemi kwamba familia zinakula pesa ovyo. Tumbo halisubiri, na mtoto aliyefukuzwa shule hawezi kungojea paneli ya sola. Tunasema mambo matatu. Kwanza, sehemu ya pesa inayotumwa nyumbani igeuke mtaji unaodumu badala ya moshi. Pili, wanaoisafirisha wapunguze wanachokata. Tatu, na hili ndilo kubwa, serikali isiifanye pesa ya watoto wetu kuwa kisingizio cha kutofanya kazi yake.

Mto unatoa umeme, nyumba hazina taa

Shari ni jina la komini, lakini pia ni jina la mto. Na ni kwenye mto huo ambapo kuna kituo cha umeme cha Budana, kilichojengwa wakati wa ukoloni wa Wabelgiji kwa ajili ya migodi ya dhahabu ya Kilo-Moto. Mitambo hiyo ilirithiwa na OKIMO, leo SOKIMO, kampuni ya serikali, na umeme wake ndio unaogawiwa mjini Bunia na Electrokimo. Kwa maneno mengine, umeme wa Bunia ulizaliwa kama mtumishi wa mgodi. Haukupangwa kwa ajili ya makao makuu ya jimbo, wala kwa mji uliopokea maelfu na maelfu ya watu waliokimbia vijiji vyao vya Djugu, Irumu na Mambasa.

Matokeo tunayajua sote. Waliounganishwa wanaishi kwa kukatiwa. Wasiounganishwa wanaishi kwa kuazima waya wa jirani, au kwa mshumaa. Na Inga, ambayo kila kiongozi huitaja kwenye hotuba, iko mwisho mwingine wa nchi, karibu na bahari, wala hakuna waya unaotoka huko kuja hapa.

Hali hii si ya Bunia peke yake. Katika Kongo nzima, ni kama mtu mmoja tu kati ya watano ambaye ana umeme nyumbani, na vijijini ni karibu hakuna. Mwezi wa Januari 2025, kwenye mkutano wa Dar es Salaam ulioitishwa kuhusu nishati ya Afrika, serikali yetu ilikuwa kati ya serikali 12 za kwanza kuweka ahadi kwenye karatasi. Yetu inasema kwamba ifikapo 2030, Wakongomani zaidi ya 60 kwa 100 watakuwa na umeme. Kutoka 20 hadi 60 kwa miaka mitano ni safari ndefu. Hatutaki kuikejeli. Lakini tuna haki ya kuuliza: katika hesabu hiyo, Bunia ina nafasi gani? Na ikiwa nafasi ipo, itajazwa na pesa ya nani?

Tunauliza kwa sababu kwa sasa jibu liko mitaani. Ukiona paneli juu ya paa, uliza nani aliinunua. Mara nyingi ni mtu aliye mbali.

Wanaotuma ni nani

Tusiwazungumzie watu wa diaspora kana kwamba ni matajiri waliosahau kwao. Wengi wao waliondoka hapa wakikimbia. Mwanzoni mwa 2018, wakati mauaji yalipoenea Djugu, maelfu walivuka Ziwa Albert kwa mitumbwi kwenda Uganda, na wengi wakapelekwa kambi ya Kyangwali. Baadhi yao bado wako huko. Wengine waliingia Kampala kutafuta vibarua. Wengine walipata bahati ya kupelekwa Marekani, ambako kwa miaka kadhaa Wakongomani walikuwa wa kwanza kwa idadi kati ya wakimbizi waliopokelewa. Mlango huo nao ulifungwa Januari 2025, mpango wa kupokea wakimbizi uliposimamishwa. Maana yake kwa Bunia ni kwamba walio kule ndio hao hao, na wataendelea kubeba mzigo ule ule bila wapya wa kuwasaidia.

Mtu huyu ana kodi ya nyumba kule, ana watoto kule, na simu yake haiachi kulia. Anapotuma dolari mia mbili, ametoa kitu ambacho alikihitaji yeye mwenyewe. Kwa hiyo swali la pesa hiyo inaishia wapi si udadisi. Ni swali la heshima kati ya anayetuma na anayepokea. Mara ngapi tumesikia ndugu wakigombana kwa simu: huyu wa mbali anasema «mnakula tu», huyu wa nyumbani anajibu «wewe hujui bei za hapa»? Wote wawili wana sababu. Wasichokiona ni kwamba pesa inavuja katika matundu mawili: njiani, na jikoni.

Tundu la njiani

Kwa takwimu za Benki ya Dunia, kutuma dolari 200 kuja Afrika kusini mwa Sahara kunagharimu wastani wa karibu asilimia 8. Ndilo eneo la dunia ambako kutuma pesa ni ghali kuliko kote. Mataifa yalikubaliana, katika malengo ya maendeleo ya 2030, kushusha gharama hiyo chini ya asilimia 3. Tupige hesabu rahisi. Asilimia 8 ya dolari 200 ni dolari 16. Asilimia 3 ni dolari 6. Tofauti ni dolari 10 kila unapotuma. Anayetuma kila mwezi anapoteza hivyo dolari 120 kwa mwaka, na kwa pesa ya namna hiyo familia inakaribia kununua mtambo mdogo wa sola wenye taa chache na sehemu ya kuchajisha simu. Kila mwaka, basi, taa za nyumba moja zinabaki njiani.

Kuna jambo jipya ambalo walio Marekani wanapaswa kulijua. Sheria iliyotiwa sahihi huko tarehe 4 Julai 2025 iliweka kodi ya asilimia 1 juu ya pesa zinazotumwa nje ya nchi kuanzia tarehe 1 Januari 2026. Lakini kodi hiyo inamgusa anayelipa kwa pesa mkononi au kwa hundi za aina fulani. Anayetuma kutoka akaunti yake ya benki ya Marekani, au kwa kadi iliyotolewa na benki ya huko, haimgusi. Mwambieni ndugu yenu. Asilimia moja ni kidogo, lakini hakuna sababu ya kuiacha ipotee kwa kukosa habari.

Upande wetu pia kuna makato: ya kutoa pesa kwenye simu, ya kubadilisha dolari kuwa faranga, ya wakala anayesema hana noti leo, rudi kesho. Benki Kuu ya Kongo na mamlaka ya posta na simu wana uwezo wa kuzitaka kampuni zibandike bei zote wazi katika kila kibanda, kwa lugha ambayo mama wa sokoni anaisoma. Hilo halihitaji mfadhili, wala halihitaji kungojea amani irudi.

Na tusisahau kwamba pesa ya simu yenyewe inahitaji umeme. M23 ilipoitwaa Goma mwishoni mwa Januari 2025, kisha Bukavu mwezi wa Februari, benki za huko zilifunga milango, na simu ikabaki kuwa njia kubwa ya pesa kuwafikia watu. Tujifunze kutoka kwa majirani zetu. Katika jimbo kama Ituri, ambalo liko chini ya utawala wa kijeshi tangu Mei 2021, simu iliyozimika siku ya shida ni sawa na benki iliyofungwa. Anayesema umeme wa nyumbani ni anasa hajawahi kubaki na salio kwenye simu isiyowaka.

Tundu la jikoni

Nchini Kenya, M-Pesa ilianza mwaka 2007. Miaka mitano baadaye, kampuni ya M-KOPA ilianza kuuza mitambo midogo ya sola kwa njia hiyo: familia inalipa kidogo ya kuanzia, kisha inaendelea kulipa kidogo kidogo kwa simu, na asiyelipa mtambo unajifunga hadi alipe. Njia hiyo imefika pia Kongo. Na kati ya waliosambaza taa za sola katika nchi yetu kuna kampuni ya Altech, iliyoanzishwa mwaka 2013 na Wakongomani wawili wa Kivu Kusini, Washikala Malango na Iongwa Mashangao, ambao walikulia Tanzania kama wakimbizi. Waliijua taa ya petroli kwa macho yao wenyewe. Hawakujifunza kwenye vitabu.

Kwa hiyo chombo kipo. Kinachokosekana ni makubaliano ndani ya familia. Badala ya kutuma dolari hamsini «za matumizi» zisizo na jina, ndugu aliye mbali anaweza kukubaliana na walio nyumbani: sehemu hii ni ya chakula, sehemu hii ni ya mtambo, hadi deni liishe. Likiisha, zile faranga za mishumaa na za kuchajisha zinabaki mfukoni. Hapo pesa imezaa.

Lakini tutoe tahadhari, kwa kuwa soko limejaa mitego. Paneli nyingi zinazouzwa kwa bei ya chini ni paneli kwa rangi tu. Betri inakufa kabla ya mwaka kuisha, na muuzaji hayuko tena. Ulizeni garanti iliyoandikwa. Ulizeni kama bidhaa ina alama ya ubora ya VeraSol, ambayo hupewa mitambo ya sola iliyopimwa. Ulizeni nani ataitengeneza hapa hapa Bunia. Na kwa malipo ya kidogo kidogo, ulizeni jumla yote mpaka mwisho, kwa sababu anayelipa polepole hulipa zaidi. Ni haki kujua ni zaidi kiasi gani.

Pia tusidanganyane: mtambo mdogo wa sola haupiki fufu. Jiko bado linakula makala, na makala yanatoka katika misitu ya Irumu na Mambasa, kwenye njia ambazo watu wanauawa. Usalama ukiharibika barabarani, bei inapanda jikoni. Hapa hatua ya kwanza ni mbabula iliyoboreshwa, ya udongo ndani, inayotumia makala machache kwa sufuria ile ile. Mafundi wa mji wanaweza kuitengeneza. Kwa wenye uwezo kuna gesi, ambayo bado ni ghali. Na kwa wote kuna onyo ambalo halizeeki: usilale na mbabula inayowaka ndani ya chumba kilichofungwa. Moshi wake usioonekana unaua familia nzima usingizini.

Wasio na mtu ng'ambo

Kuna pingamizi ambalo tunalichukua kwa uzito. Je, haya yote si maneno ya wenye bahati? Familia iliyo Kigonze, chini ya hema, haina mtu Marekani. Mjane asiye na mtoto aliye mbali hatapata paneli kwa ushauri wa gazeti. Tukiacha umeme wa Bunia ujengwe na pesa ya ndugu peke yake, tutapata mji wa paa mbili: paa lenye mwanga kwa sababu kuna mtu ng'ambo, na paa la giza kwa sababu hakuna. Na watoto wa paa hizo mbili watafanya mtihani mmoja wa serikali.

Ndiyo maana tunapendekeza mambo ambayo yanazidi mlango wa nyumba moja. Mama zetu wanaijua likelemba vizuri kuliko benki. Nyumba kumi za avenyu moja, zenye kupokea na zisizopokea, zinaweza kuweka kidogo kila mwezi, na kila mwezi nyumba moja inawashwa. Vikundi vya akiba na mikopo, AVEC, ambavyo vimeenea jimboni, vinaweza kununua mitambo kwa jumla, na anayenunua kwa jumla anapewa bei na garanti ambayo mtu mmoja hapewi.

Mexico ilikwenda mbali zaidi. Kuanzia jimbo la Zacatecas, na kwa nchi nzima kuanzia 2002, kulikuwa na mpango ulioitwa 3x1: kwa kila peso ambayo vyama vya wahamiaji waliokuwa Marekani walitoa kwa kazi ya kijiji chao, serikali ya mji, ya jimbo na ya taifa kila moja iliongeza peso yake. Maji, barabara na umeme vilijengwa hivyo. Mpango haukuwa bila kasoro, maana vijiji vyenye wahamiaji wengi vilipata zaidi. Lakini ulikuwa na jambo moja ambalo sisi hatuna: mhamiaji alipoweka pesa mezani, serikali ililazimika kuweka yake.

Zamu ya viongozi

Hapa tunafika kwa wakubwa wetu. Sheria ya umeme ya tarehe 17 Juni 2014 ilimaliza enzi ya SNEL kuwa peke yake, ikafungua mlango kwa makampuni mengine na kwa majimbo. Kukawekwa mamlaka ya kusimamia sekta, ARE, na wakala wa umeme wa vijijini na pembezoni mwa miji, ANSER. Kule Goma, kampuni ya Nuru iliwasha mwaka 2020 mtandao wa sola wa megawati 1.3. Mwaka 2023 ilitangaza kupata zaidi ya dolari milioni 40 kwa miradi mipya, na Bunia ilikuwa kati ya miji iliyotajwa. Jirani yetu Uganda ilizindua bwawa la Karuma, megawati 600, mwezi wa Septemba 2024. Hatuwezi tena kuambiwa kwamba jambo hili haliwezekani katika sehemu yetu ya dunia.

Tunaomba basi majibu manne. SOKIMO na Electrokimo ziwaambie wakaaji hadharani: Budana inatoa kiasi gani leo, mji unahitaji kiasi gani, na ukarabati umefikia wapi. Serikali ya jimbo itangaze hali ya kila mradi wa umeme ulioahidiwa Bunia, na tarehe yake. Ukumbi wa mji na komini zake tatu, Mbunya, Nyakasanza na Shari, ziandikishe mafundi na wauzaji wa sola, ili anayeuza paneli ya uongo ajulikane anakaa wapi. Na wabunge wa Ituri waulize Kinshasa ahadi ya 2030 itapita katika barabara gani kufika kwetu.

Kuna watakaotukumbusha kwamba mtegemea cha nduguye hufa maskini. Methali hiyo mara nyingi inatupwa usoni mwa mama anayesubiri ujumbe wa pesa. Isomwe kwanza katika ofisi za serikali. Kwa miaka mingi, ni serikali ndiyo inayotegemea cha ndugu: ndugu analipa shule, ndugu analipa hospitali, na sasa ndugu aweke na umeme.

Kwa familia, ombi letu ni dogo. Mara ijayo mtakapozungumza na yule aliye mbali, kabla ya kusema «tumepata, asante», pigeni hesabu pamoja ya mwezi uliopita: makala kiasi gani, mishumaa kiasi gani, kuchajisha kiasi gani, makato ya kutuma kiasi gani. Andikeni jumla kwenye karatasi. Kisha muulizane kama mwezi ujao mnataka kuilipa tena.